Siku Nilipolipaka Gari Mafuta ya Papa

Hili nalisema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana najua huko Msambweni linasimuliwa kwa chumvi nyingi, wapo wanaosema nilibeba papa mzima kwenye buti, kichwa mpaka mkia, na wapo wanaosema eti nilifanya kusudi ili nivunje harusi ya mtoto wa dada yangu. Uongo mtupu. Papa hakuwako. Yalikuwako mafuta yake tu, na mafuta hayo niliyapaka mimi, kwa mkono wangu huu wa kulia, nikiwa na akili zangu timamu, na hapo ndipo aibu yenyewe ilipo, kwamba sikurogwa, sikulazimishwa, wala sikuwa na homa.

Mimi ni dobi katika hoteli moja ya Diani, mwaka wa ishirini na mbili huu, na msinione hivi, doa halijawahi kunishinda. Damu, hina, mchuzi wa pweza, yale mafuta ya jua ya wageni yanayogeuza shuka kuwa manjano, niletee mimi, kesho utadhani shuka limetoka dukani. Miaka mitatu iliyopita nikanunua kijigari changu cheupe, cha mkono wa tatu (ama wa nne, sikudadisi sana), nikawa mwanamke wa kwanza wa ukoo wetu kushika usukani, na nilivyokuwa nikikipenda kile kijigari, waume wengine hawakupendwa hivyo. Lakini gari kukaa Diani ni mtihani. Upepo wa chumvi hauna adabu, unakula mabati, unakula vitasa, unakula hata misumari ya kitanda, na siku moja nikaona vidoa vya kutu vimeota kwenye rangi: kimoja juu ya gurudumu la mbele, viwili mlangoni, na kimoja nyuma, kwenye mlango wa buti. Vidogo tu, kama punje za mtama. Nikasema ah, si kitu.

Sasa njoo kwenye harusi. Dada yangu mkubwa, Mwanasiti, ana kijana wake anaitwa Athumani, na Athumani akapata mchumba Msambweni, binti mmoja jina lake Mariamu, mtoto wa watu wenye duka la vitambaa, watu wa udi asubuhi na udi jioni. Sisi ni watoto wa fundi wa mashua wa Gazi. Marehemu baba kazi yake ilikuwa kukalafati, yaani kushindilia pamba kwenye nyufa za mbao za chombo na kupaka mafuta ya papa juu yake ili maji yasiingie, na tulikua na harufu ile, tukaila, tukailala, tukaenda nayo madrasa, na majina tuliyoitwa na wenzetu huko madrasa sitayataja kwa sababu wengine wao leo ni maimamu. Basi siku ya posa, nyanya yake Mariamu, Bi Mejumaa, bibi mmoja mkavu mwenye kauli kuliko mwanamume yeyote wa nyumba ile, aliwaambia wajumbe wetu: "Kijana ni mzuri, sina neno naye. Lakini mjukuu wangu simpeleki kwenye nyumba inayonuka samaki."

Neno hilo lilimfikia dada yangu likamkaa kooni. Akaapa kwamba siku ya kupeleka begi watatujua sisi ni nani. (Mnajua wenyewe mambo ya begi: wanawake wa upande wa bwana harusi wanachukua nguo na manukato ya bi harusi, wanayapeleka kwao kwa vigelegele, na begi linafunguliwa hapo mbele ya wanawake wote, kila kitu kinainuliwa juu kionekane. Likipokewa, maneno yamekwisha. Likirudishwa, jamani, hakuna harusi hapo, na hakuna pa kuuweka uso.) Miezi sita dada alikuwa akikusanya: leso, madera, buibui, shumizi za hariri za kuvalia ndani, viatu, na kila nguo akiitandaza juu ya chetezo na kuifukiza mpaka paka wa nyumba yao akahama. Akavipanga vyote kwenye begi kubwa la kitambaa lenye magurudumu. Ukilipita mlangoni tu unapiga chafya ya raha.

Alhamisi akaja kwangu Ukunda kupanga safari ya Jumamosi, akalizunguka gari langu mara moja, polepole, mikono nyuma.

"Mwanakombo, mdogo wangu, usikasirike. Gari lako linaota upele. Nitakodi jingine."

"Ukodi gari na langu lipo?" nikamwambia. "Mtu atasema nini?"

"Bi Mejumaa atasema nini, ndilo ninalolifikiria mimi."

Ningelikubali pale, leo ningekuwa na hadithi nyingine ya kuwaambia. Lakini mimi tena! Kuambiwa nina doa, mimi, dobi wa miaka ishirini na mbili! Nikamwambia dada, "Kufikia Jumamosi hutaliona hata moja, na ukiliona niite mwongo," akanyanyua mabega akaenda zake.

Jioni ile nikalipeleka gari kwa fundi wa bodi pale Ukunda, kijana mmoja mtu wa bara, mpole, akainama akakigusa kidoa cha buti kwa ukucha.

"Madam, hizi unaziona ndogo zinakudanganya. Kutu inakula kutoka ndani. Lazima nikwangue yote, nipige praima, ikauke, ndio rangi. Niachie hadi Jumatatu."

"Jumatatu? Nina shughuli ya harusi Jumamosi, baba."

"Basi iache hivyo hivyo. Usiiguse, madam. Ukiigusa bila kuimaliza unaiharibu zaidi."

Nikamshukuru, nikaondoka, nikapita dukani nikanunua msasa.

Ijumaa baada ya swala nikatandika gunia uani nikaanza kusugua. Kile kidoa cha mtama kikawa cha sarafu, cha sarafu kikawa cha kisahani cha chai, na kila nikisugua ili nipafikie mahali rangi ilipo nzima, ile nzima inarudi nyuma, inanikimbia. Nikahamia mlangoni, vidoa viwili vikakutana vikawa kimoja. Nikahamia kwenye buti, na hapa nikabadilisha nikachukua kisu cha jikoni, nikidhani nitaitoa ile kutu kama anavyotolewa samaki magamba. Kisu kikazama. Nawaambieni kilizama mpaka mpini, kikabaki kimesimama pale kwenye mlango wa buti, nami nimepiga magoti nakitazama, na jirani yangu akachungulia ukutani akaniuliza, "Shoga, unachinja?"

Nilipokichomoa, nikaona shimo. Ukitia jicho unaona ndani ya buti. Ijumaa, saa kumi na moja jioni, begi ni kesho.

Hapo sasa ndipo akili yangu ikafanya kazi, na akili yangu ikifanya kazi, watu wa nyumbani hukaa mbali. Nikajiambia hivi: mashua inakaa ndani ya maji ya chumvi usiku na mchana, na ina misumari ya chuma tele, mbona hailiwi na kutu? Kwa sababu inakalafatiwa. Na mimi ni binti wa nani? Stoo kwangu kulikuwa na kidebe cha marehemu baba, mafuta ya papa, kimekaa tangu alipofariki, miaka sita, kwa sababu sote tulishindwa kukitupa. Nikakifungua. Wallahi, nilipofungua kile kifuniko nilimsikia baba. Nilimsikia kabisa, anatoka kazini, anatuita tumpokee kikapu. Nikasimama pale stoo machozi yananilengalenga, wala sikuwaza hata mara moja kwamba mtu mwingine akisikia harufu ile hatamsikia baba yangu, atasikia ini la papa lililolala miaka sita.

Nikachovya pamba, nikaisokota kama alivyokuwa akiisokota yeye, nikaishindilia kwenye shimo kwa bisibisi, kidogo kidogo, ikakaa vizuri, nikajisifu. Vile visahani vingine nikavipaka mafuta hayo hayo, mkono wa kwanza na mkono wa pili. Halafu nikachukua rangi nyeupe iliyobaki ya madirisha nikapaka juu. Rangi juu ya mafuta! Msiniulize. Ikateleza, ikajikunjakunja kama maziwa yaliyochacha, na nilipojaribu kuirekebisha kwa kidole ndio nikaitawanya. Basi nikaamua dawa ni mapambo. Nikalivika gari utepe, nikalibandika maua ya karatasi kila palipo na kidonda, na asubuhi dada alipokuja akashangaa.

"Mashaallah, Mwanakombo! Limependeza!"

Asubuhi kulikuwa na baridi na upepo wa kusi, mafuta yamelala, harufu imelala nayo. Tukalipakia begi, likasimama wima likiegemea mlango wa buti kwa ndani, pale pale penye pamba yangu (ile plastiki ya ndani ya mlango ilishang'oka zamani, sikuwahi kuirudisha). Wanawake wengine walitangulia kwa basi dogo la kukodi na vigoma vyao. Sisi tulikuwa watatu: mimi usukanini, dada mbele, na nyuma shangazi yetu Bi Zuhura, dada yake marehemu baba, mzee wa miaka themanini asiyejua kunong'ona.

Tukatoka Ukunda saa saba, jua limewaka sawasawa. Tulipopita Kinondo dada akaacha kuimba.

"Mwanakombo."

"Bee, dada."

"Unasikia harufu?"

"Harufu gani?"

"Kama..." Akafumba macho. "Kama ya baba, akirudi kazini."

Ile ndiyo ilikuwa nafasi yangu, jamani. Barabara ilikuwa nyeupe, ningeliweza kuliweka gari kando nikasema dada, nisamehe, tulitoe begi tuliweke mbele. Lakini ulimi wangu ukatangulia.

"Siku kama ya leo marehemu hukumbukwa, dada. Ni hamu tu hiyo."

Dada akatoa leso akaanza kulia. "Baba amekuja," akasema. "Amekuja kumsindikiza mjukuu wake." Na mimi, mnafiki mkubwa, nikatikisa kichwa kwa huzuni. Akasema tumsomee Fatiha, tukamsomea, mimi mikono yangu imeshika usukani, tukafika mwisho tukaitikia amin, na kwa nyuma Bi Zuhura naye akaitikia.

"Amin," akasema. "Lakini kaka yangu angalioga kwanza."

Nikafungua madirisha yote. Kufungua madirisha kukawa kosa lingine, maana harufu ya nyuma ikaona njia ikaja mbele. Bi Zuhura akajifunga mtandio puani. Tulipoipita Gazi nikasema kwa sauti, "Ah, leo Gazi wamevua!" na dada akakubali, akasema kweli leo wamevua, lakini Gazi tukaiacha nyuma, tukaenda, na Gazi ikawa bado inatufuata.

Kwenye kizuizi cha polisi nikasimamishwa. Askari akaja dirishani anatabasamu, ghafla tabasamu likakatika.

"Mama, mmebeba samaki?"

"Hatuna samaki, afande. Tuna begi la harusi."

"Fungua buti."

Nikashuka peke yangu, nikamwambia dada akae tu, asichafue viatu. Nikafungua. Nzi walikuwa wameshafika, sijui walipitia wapi. Ile pamba yangu kwa joto la jua ilikuwa imegeuka utambi, mafuta yote yamehama kutoka kwenye shimo yameingia kwenye kitambaa cha begi, na pale kati pana alama nyeusi, mbichi, ukubwa wa sinia. Askari alirudi hatua mbili, akavua kofia akaiweka puani.

"Mama, hii harusi ni ya leo kweli?"

"Ya leo, afande."

"Basi nendeni. Nendeni haraka."

Nilisimama pale nyuma ya gari. Sasa najua. Hapo siwezi tena kusema sikujua. Na nikafanya nini? Nikatoa kichupa changu cha manukato ya haludi kwenye mkoba, nikakimimina chote juu ya ile alama, nikaligeuza begi upande wa pili, nikalifunika leso yangu. Nikarudi usukanini nikasema, "Anatutakia heri."

Haludi haikuishinda ile harufu. Ilichofanya ni kuipamba. Tuliingia Msambweni tunanuka kama papa anayekwenda kuoa.

Wenzetu walikuwa wametungoja nje na vigoma, vigelegele vikapaa, na mwanamke mmoja wa kwetu mwenye nguvu akalichukua lile begi akajitwika kichwani kabla sijasema kitu, akatangulia anacheza, na mafuta yakaanza kumshukia taratibu nyuma ya sikio. Wa kwanza kujiunga na msafara alikuwa paka mmoja wa kijivu aliyetoka chini ya ngazi. Tulipofika kizingitini walikuwa watano, wanatembea nyuma ya begi kwa mstari, mikia juu, kama walioalikwa.

Ndani chumba kimejaa. Wanawake wamekaa mikekani, chetezo kinafuka kwenye kona, na kwenye kiti cha pekee amekaa Bi Mejumaa, mkongojo wake mapajani. Bi Saumu, mama yake Mariamu, akatukaribisha vizuri, maji ya tende yakapita, na somo wa bi harusi, yule mama anayemfunda, akapiga magoti akafungua zipu.

Kitu cha kwanza ilikuwa leso ya kisutu. Somo akaiinua juu kwa mikono miwili, wanawake wakapiga kigelegele, na kigelegele kikakatika katikati kama redio iliyoishiwa betri. Mtu akakohoa. Somo, maskini, mwanamke wa kazi yake, akakiweka kisutu chini akainua buibui. Lilikuwa linametameta kuliko buibui linavyotakiwa kumetameta. Mjamzito mmoja aliyekaa karibu akaziba mdomo akatoka mbio. Somo akafumba macho, akaingiza mkono, akainua shumizi ya hariri, na yule paka wa kijivu hakuweza kuvumilia tena, akaruka, akaidaka kwa meno, akatoka nayo mlangoni, uani, mpaka barazani walipokaa wanaume wa nyumba ile wanakunywa kahawa. Tukasikia kimya cha barazani. Halafu mkono wa mzee fulani ukaingia dirishani taratibu, umeshika shumizi iliyokunjwa mara nne, na sauti ikasema kwa heshima, "Hii imetufikia kwa bahati mbaya."

Hakuna aliyecheka. Bi Saumu alisimama.

"Dada Mwanasiti," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndogo ndiyo iliyonitisha. "Ndiyo heshima mliyotuletea hii?"

Dada yangu alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono yake ina hina mpya. "Sijui," akasema. "Wallahi sijui, Bi Saumu. Nilizifukiza mwenyewe. Moja moja. Miezi sita." Alikuwa analia, na kilio hiki hakikuwa kile cha kwenye gari. Alilia kama mtoto aliyeitwa tena jina la madrasa.

"Lifungeni," Bi Saumu akamwambia somo. "Lirudi."

Hakuna mtu aliyejua kuwa ni mimi. Ningeliweza kukaa kimya mpaka leo. Lakini nilimwona dada yangu anainama kuokota kisutu chake chini, na roho ikanisuta vibaya, nikajikuta nimesimama.

"Ni mimi," nikasema. "Dada hana kosa. Ni gari langu. Lilikuwa na kutu, nikaona haya, nikapaka... nikapaka kitu."

"Umepaka samaki kwenye gari?" somo akauliza.

Basi kelele zikaanza, kila mtu anasema lake, huyu anasema tulidharauliwa, huyu anasema hawa si ndio tuliowaambia, na dada ananitazama tu. Ndipo mkongojo ukagonga sakafu.

"Nyamazeni," akasema Bi Mejumaa. "Nipeni hicho kisutu."

Akapewa. Akakisogeza puani, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayenusa asmini.

"Hii si harufu ya samaki."

"Mama, inanuka samaki," Bi Saumu akasema.

"Nimesema si samaki. Samaki akiharibika hunuka vingine. Haya ni mafuta ya papa. Ya ini. Yamepikwa kwa jua, hayakupikwa kwa moto, ndiyo maana ni mazito hivi. Na yamekaa si chini ya miaka mitano." Akafumbua macho akanitazama. "Ulitia na pamba?"

"Nilitia, bibi."

"Wapi?"

"Kwenye mlango wa buti. Palikuwa na shimo."

"Umelikalafati gari," akasema Bi Mejumaa.

"Ndiyo, bibi."

Bila shaka mngelitarajia mtu acheke hapo, lakini watoto wake wote, na wajukuu, na wakwe, walikuwa wanamtazama yeye. Na shangazi yetu Bi Zuhura, ambaye nimekwisha kuwaambia hajui kunong'ona, akauliza kutoka kule pembeni:

"Na wewe, Mejumaa, umeyajulia wapi yote hayo?"

Bi Mejumaa akakitazama kisutu. Mkongojo ukamponyoka.

"Kwa baba," akasema. "Vanga. Tulikuwa tukiyapika uani, mimi na mama."

"Mama!" Bi Saumu akashika kichwa. "Si umetuambia miaka yote babu alikuwa mfanyabiashara wa hariri?"

"Alifanya biashara," akasema Bi Mejumaa. "Ya hariri mliisema nyinyi."

Bi Zuhura ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akalala ubavu, akafuatia somo, akafuatia yule mjamzito aliyekuwa amerudi mlangoni, na mwisho Bi Mejumaa mwenyewe akacheka, meno ya bandia yakamtoka akayadaka hewani. Chumba kizima kikavunjika mbavu. Waliokuwa hawacheki ni wawili tu, mimi na dada yangu.

"Begi halirudi," Bi Mejumaa akasema alipopata pumzi, na akamtazama dada usoni. "Na lile neno nililosema siku ya posa, Mwanasiti, nisamehe. Sikuwa nikikusema wewe." Kisha akanigeukia. "Wewe dobi. Utaziosha hapa hapa kwangu, nikikuona."

Nikaosha. Niliosha jioni ile na kesho yake tangu alfajiri, kwa majivu, kwa ndimu, kwa sabuni ya kipande, maji baada ya maji, na wanawake wa Msambweni wakipita uani mmoja mmoja kuja "kuazima ndoo" ili wanione. Paka walikaa ukutani siku zote mbili. Jumapili adhuhuri dada akaja, akavuta kigoda, akakunja mikono ya dera lake, akaanza kusuuza. Tulisuuza nusu saa hivi.

"Ile Fatiha," akasema mwishoni. "Ulijua?"

"Nilijua, dada."

"Mimi nilimlilia baba kweli."

Mambo mengine yote ya siku ile, askari, paka, shumizi barazani, huwa nayasimulia na kucheka hivi mnavyoniona. Hilo moja bado sijaweza kulicheka. Nilimwomba radhi pale pale mikono yangu ina povu, akaninyunyizia maji usoni, akasema nisuuze vizuri pindo.

Harusi ilifanyika wiki iliyofuata, ikapendeza, mimi nikaenda kwa tuk-tuk kwa amri ya ukoo. Gari lilikaa kwa yule fundi wa Ukunda majuma matatu, akaung'oa mlango wote wa buti akaweka mwingine, na kila nikienda kumwangalia ananiambia, "Si nilikuambia usiiguse, madam?" nami namjibu uliniambia, baba, uliniambia. Naapa kwenu hapa: doa la shuka ni langu, la gari ni la mwenye kazi yake, na nikiharibu kitu tena nitasema siku hiyo hiyo, hata kama nipo katikati ya barabara.

Na sisemi tu. Wiki iliyopita nimeona kutu nyingine imeota karibu na taa ya kulia. Nikampigia dada simu hapo hapo, hata fundi bado hajui.

"Dada, nimeona kidoa kipya."

"Umekifanya nini?"

"Sijakifanya kitu."

"Mikono yako iko wapi sasa hivi?"

"Mmoja umeshika simu."

"Na wa pili?"

"Nimeukalia, dada."